Koti la Kijani Nyuma ya Mlango

Shangazi Teodora wa gazetini, shikamoo.

Hili ninalokuandikia sijawahi kumwambia mtu, hata mama: kila jioni, baba akiwa bado sokoni, mimi hufunga mlango wa chumba chetu hapa Mabatini nikawafundisha Kiswahili Wazungu ambao hawapo. Nasimama mbele ya ndoo na masufuria, nasema "haya, wote kwa pamoja", na ndoo nikiona haijaelewa naiuliza tena taratibu. Mimi mwenyewe ukinikuta njiani sitoi sauti, shuleni waliniita Bubu mpaka namaliza kidato cha sita, lakini ndoo zinanisikia vizuri.

Sasa naomba msaada wako kwa sababu Wazungu wa kweli wamepatikana. Mwalimu Mihayo aliyenifundisha sekondari alipeleka jina langu kwenye shule moja huko Denmaki, watu wazima wanajifunza Kiswahili pale kabla hawajaja kufanya kazi kwetu, na wanataka kijana wa huku akae nao mwaka mzima awe msaidizi wa mwalimu, aongee nao mezani, jikoni, darasani, na mimi tangu niambiwe situlii, na si kwa woga peke yake, Shangazi, ni kwa hamu ya kujua. Baba alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, siku hizi anauza mitumba soko la Makoroboi, na kila akifungua robota la nguo hakosi kukuta makoti mazito ambayo hapa hayana mnunuzi isipokuwa walinzi wa usiku. Mimi huyapekua mifuko. Nimekuta glavu moja, karatasi ya peremende, na jani kavu la mti nisioujua. Nalinusa lile jani najiuliza, huyu aliyelivaa koti hili alikuwa anakwenda wapi, na baridi ya kwao ikoje mpaka mtu anatembea na nguo nzito kama mtoto mgongoni na haoni ajabu?

Kabla ya kunikubali walitaka wanione nikijaribu. Mwalimu akanipeleka Kisesa, kwenye nyumba ya wageni njia ya kwenda makumbusho ya Bujora, walikuwepo Wadenmaki wa shule ile waliokuja kuangalia ngoma. Nikaingia. Aliyekaa karibu na mlango alikuwa mzee wa mvi, rika la babu yangu. Shangazi, unajua sisi wasichana wa Kisukuma tulivyolelewa, magoti hayakuniuliza, nikajikuta nimepiga goti nasema shikamoo. Yule mzee akadhani ndilo somo. Akashika kiti, akateremka na yeye, magoti yakalia ko! akasema "shikamoo", na mama mmoja mnene nyuma yake naye akashuka, na wengine wote, chumba kizima tuko chini tunapeana shikamoo na hakuna hata mmoja wa kuitikia marahaba. Nilikimbia mpaka jikoni. Mpishi wao, Ngosha, alikuwa ameona yote dirishani, akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Wazee wazima wamempigia magoti binti! Mwaka huu mvua tusahau!"

Mwalimu alikuja kunirudisha. Nikakaa, wakaanza kuuliza, na hapo ndipo niliposahau aibu: kwa nini jua likishachomoza ninyi mnasema saa moja? Kwa nini mtu akijikwaa mnamwambia pole, wakati si ninyi mliomwekea jiwe? Shangazi, sikuwahi kujiuliza! Nilidhani binadamu wote wanafanya hivyo. Miaka yote ya sekondari nimetoka jasho juu ya Kiingereza cha watu, Kiswahili nikakiona ni kama maji ya ziwa, yapo tu, na siku ile nikataka kurudi nyumbani nianze kuuliza kila kitu upya.

Wamenikubali. Wanataka jibu mwisho wa mwezi huu, na ruhusa ya mzazi. Baba hajui lolote, anajua nasubiri chuo cha ualimu. Ni mtu mpole, lakini mimi na yeye hatuna maongezi, namsalimia anaitikia, namtengea maji ya kuoga, namtengea ugali, basi. Mama yuko Kisesa kwenye shamba. Juzi mlinzi wa duka la jirani alikuja kutaka koti la kijani lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, akamtania baba, "Mzee wangu, hili unamwekea nani? Mwanza imeanza kuanguka theluji?" Baba akamjibu, "Lina mwenyewe," akampa jingine. Na kabla ya hapo aliwahi kunivalisha hilo hilo la kijani, akavuta mikono, akafunga vifungo mpaka shingoni, akasema anampimia mteja wa kimo changu. Nikawaza, mtu anayemhangaikia hivi mteja mmoja nitamwachaje, na maji nani atamtengea?

Nimwambieje wakati sauti haitoki? Na huko darasani, nikipiga goti mimi ni mwalimu gani, na nisipopiga mimi ni mtoto wa nani?

Nasikia viatu vya baba uani. Siku zote nikifika hapa huisukuma barua hii chini ya godoro. Anakung'uta vumbi mlangoni. Leo naiacha mezani, wazi, na kesho naipeleka posta.

Mimi Bubu,
Mabatini, Mwanza

SHANGAZI TEODORA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina hilo lirudishe kwa waliokupa, maana sijaona bubu anayeongea kurasa nzima bila kuvuta pumzi.

Nianze na kukugombeza. Umeitwa kufundisha, mzee wa watu kakuelewa kabla hujafungua daftari, na magoti yake mabovu kayateremsha, halafu wewe unakimbilia jikoni! Ungebaki pale pale chini ukamwambia, "Wewe mkubwa, kaa kwenye kiti, sema marahaba." Somo la kwanza lingekuwa limekwisha. Kwa hiyo piga goti lako bila wasiwasi, ukishaitikiwa inuka ushike chaki. Kesho yake wageuze: wao wawe wajukuu, wewe bibi, wakusalimie mmoja mmoja. Atakayekosea mcheke, na wewe ukikosea Kidenmaki waache wakucheke.

Pili, safari si mchezo. Muulize Mwalimu Mihayo utalala nyumba ya nani na kazi yako inaishia wapi, usije ukawa msaidizi wa mwalimu asubuhi na yaya wa watoto jioni. Tiketi ya kurudi uione kwa macho kabla hujapanda ndege. Pasipoti ukae nayo mwenyewe. Na mama yako aambiwe wiki hii, asije akasikia kwa wauza nyanya wa Kisesa.

Sasa baba. Binti, una akili ya kunusa jani la Ulaya ukataka kujua limetoka mti gani, halafu kilichoning'inia mlangoni kwenu hukioni? Mwalimu gani wa Usukumani atapeleka jina la binti wa watu nje ya nchi bila kwenda kwanza kukaa na baba yake? Kisha mteja gani wa Makoroboi anafungiwa vifungo mpaka shingoni? Baba yako anajua. Tena anajua siku nyingi, amenyamaza anasubiri useme mwenyewe, maana na yeye sauti haimtoki. Umemrithi.

Maji ya kuoga alikuwa akijitengea kabla hujazaliwa, ataendelea.

Huna haja ya hotuba. Akirudi kutoka sokoni mpigie goti, msalimie, ungoje aitikie. Kisha inuka, nenda nyuma ya mlango, livae lile koti, ufunge vifungo vyote, ukae naye mezani hivyo hivyo na joto la Mwanza. Mwache yeye ndiye aanze kuongea.