Nguzo ya kwa Ignat

Kijiji cha Zaluzhye,
Jimbo la Minsk.
Jumatano, juma la pili baada ya Pasaka, 1898.

Mpendwa ndugu yangu Getzel,

Salamu hizi zivuke bahari zikukute mzima, wewe na Rivka na watoto. Kikohozi chako kimepungua? Sisi hatujambo. Mguu wa mama ni ule ule, miaka miwili sasa hajakanyaga chini. Mdomo wake, Mungu asifiwe, unatembea vizuri sana. Mimi nimenenepa kidogo. Mke wangu anasema si kidogo.

Binti yangu Slava amejifungua mtoto wa kike. Nimekuwa babu, na babu mwenyewe, kama utakavyoona, ndiye huyu aliyeharibu.

Lakini kwanza ile barua yangu ya wakati wa theluji. Wewe uliniandikia kwa unyenyekevu kwamba kiwandani mwenu mnashona hata siku ya Sabato, na asiyekuja Jumamosi asijisumbue kuja Jumatatu. Mimi nikakujibu kurasa nne za makaripio, utadhani nilikuwepo mlimani Sinai. Mama naye tangu siku ile hajanipa hata salamu moja ya kukuandikia, na mimi sikumsihi. Nilijiona mlinzi wa dini.

Sasa sikiliza habari za mlinzi. Unaukumbuka uzi wetu wa Sabato, ule unaozunguka kijiji juu ya nguzo ili kijiji kizima kihesabiwe kama ua mmoja, na mtu aruhusiwe kubeba kitu njiani siku hiyo, jambo ambalo bila uzi ni mwiko? Tangu baba afariki, mimi ndiye ninayeukagua kila Ijumaa. Ni kazi ya shingo, haihitaji akili, ndiyo maana nikapewa.

Ijumaa iliyopita nilichelewa kutoka, maana nilikuwa jikoni naonja samaki. Nilipofika kwa Ignat mhunzi jua lilikuwa linazama, na Sabato inaingia. Nikakuta vibarua wa serikali wanaopanua barabara ya posta wameing'oa nguzo yetu, na uzi umelala matopeni. Hapakuwa tena na muda wa kuchimba shimo. Kilichobaki ni kwenda kwa rabi, atangaze kwamba kesho asibebe mtu kitu.

Na kesho hiyo ndiyo siku mtoto wa Slava alikuwa apewe jina sinagogini. Jina la baba yetu marehemu: Simkha, ambalo kwetu hata mwanamke hupewa. Mama alikuwa ameshakitoa kitambaa chake cha hariri sandukuni, tumeshakubaliana tutambeba kwenye kiti. Bila uzi, habebwi yeye wala mtoto.

Nikasimama pale matopeni. Halafu nikarudi nyumbani, nikanawa mikono, nikaketi mezani kama mtu mwema.

Asubuhi mkwe wangu Nokhem akanivuta kando. Huyu ndiye msomaji wetu wa magazeti ya Kirusi, ambaye siku zote hunitania kwamba kazi yangu ni kulinda hewa.

"Baba, uzi uko salama? Hatumbebi mtoto kama hauko."

Yeye, Nokhem!

"Uko pale pale," nikamwambia.

Basi tukambeba mama, mimi mbele, Nokhem nyuma, Slava na mtoto kando. Njia nzima watu walikuwa na vitu mikononi, huyu kitabu cha sala, yule shali, na kila kimoja nilikiona kimenikalia mimi shingoni. Rabi mwenyewe alikuwa na leso mfukoni. Mlangoni akanishika mkono, akanishukuru kwa kuwaangalizia uzi. Sikujua nitazame leso au viatu vyangu.

Jina la baba likaitwa. Mama alilia upande wa wanawake, nikamsikia hadi upande wetu.

Nyumbani tulipobaki wawili akasema, "Fayvish, nguzo ya kwa Ignat imekwenda wapi?"

Mtu aliyebebwa kwenye kiti ameegemea nyuma, Getzel, hana pa kutazama ila juu. Hilo sikuliwaza.

"Umeona saa ngapi, mama?"

"Wakati wa kwenda."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Akageukia ukutani. Nilidhani amelala, nikainuka taratibu niondoke.

"Mwandikie Getzel," akasema. "Usimwambie nimemsamehe. Nani kanifanya mimi hakimu? Muulize kama anakula."

Nguzo nimekwisha kuisimika. Rabi sijamwambia; kila nikielekea kwake hukumbuka kazi nyingine nyumbani. Kijiji kizima nimekitia katika kosa ili mama alisikie jina la mumewe, na ukiniuliza kama ningerudia, nitakuomba uniulize jambo jingine. Lakini wewe una watoto wa kulisha, na mimi nilikuandikia kurasa nne. Nisamehe, mdogo wangu. Mpe Rivka zile karatasi awashie jiko, ila si Jumamosi.

Slava na Nokhem wanakusalimuni, na mke wangu anambusu Rivka. Simkha mdogo anapiga kelele, ichukueni kuwa ni salamu. Mungu aliyewavusha maji asiwaache nchi kavu, awape mkate na siku ya kupumzika kuula.

Mimi kaka yako akupendaye, shingo chini,

Fayvish

Swali la mama usilisahau. Unakula? Jibu kwa kirefu, maana atataka nimsomee mara mbili.