Ukuta Wetu wa Muhumba

Mpendwa Papa,

Kuna chuo hapa Bukavu ambacho sasa kinamhesabia mtu masomo kwa kazi aliyojifunza maishani. Nilicheka niliposikia, kisha nikaomba. Niliwaambia nimejifunza kwako, baba yangu, kujenga kuta za mawe, na tangu utuache naendelea peke yangu. Wakataka nichague kazi moja ili jopo la walimu lije kuikagua. Nikachagua ukuta wetu wa Muhumba, ule unaozuia mlima nyuma ya nyumba ya Maman Faida.

Unakumbuka? Mimi napanga mawe, wewe unakuja nyuma unayagonga kwa nyundo na kusikiliza. Mabomba ya kutolea maji ulitega mwenyewe, hukuniamini hata kidogo. "Maji iache ipite," ulisema. "Udongo ikishiba, itasukuma." Ulikuwa mkali, Papa, na nimekukosa sana.

Leo asubuhi nilienda kuutazama kabla ya jopo kuja kesho. Mabomba yote yamezibwa kwa simenti. Maman Faida alinieleza kwa furaha kabisa.

"Ile maji ilikuwa inachafula manguo yangu ku kamba. Tukafunga. Sasa parcelle iko propre, kiwanja yote safi!"

Nilizibua bomba moja, halikutoa hata tone. Tope limeganda ndani. Ukuta umevimba katikati. Niliugonga, na sauti iliyorudi ilikuwa ya utupu, ya mawe yaliyoachana. Nikamsihi ahame na watoto.

"Eh, Nsimire! Ni ukuta ya papa yako. Haiwezi anguka."

Akanikaribisha chai, nami nikainywa nikiwa nimeupa ule ukuta mgongo. Watoto walikuwa wanacheza chini yake.

Nilikuwa nimepanga kungoja walimu, nikidhani wao watasikilizwa. Lakini wingu limeshuka juu ya ziwa, na matone ya kwanza yameanza kupiga bati wakati nakuandikia. Naogopa, Papa. Watu wale wamekaa pale kwa sababu ya jina lako.

Naenda sasa hivi. Wakininyima masomo yao, basi. Nitasimama mlangoni kwa Maman Faida, mbele ya majirani wote, nipige kelele kwamba uliujenga vibaya, kwamba uliiba simenti. Ni uongo, na ndio pekee utakaowatoa.

Pumzika, Papa, na usinisikilize jioni hii.

Binti yako,
Nsimire