Almasi Mbili za Seremala

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi, kazini anaitwa Vigae
Umri: miaka 49
Kazi: fundi wa kupanga vigae
Elimu: darasa la tano
Makazi: bweni la wajenzi, chumba cha mwisho ghorofa ya pili

Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe.

Mimi ni mgeni katika mji huu. Nilikuja kufanya kazi za ujenzi na sijarudi kwetu tangu nije. Chumbani tulikuwa watatu: mimi, marehemu ambaye sote tulimwita Seremala, na mwenzetu tunayemwita Kinyozi kwa sababu siku za mapumziko ndiye anayetunyoa. Kinyozi ndiye mliyemweka ndani tangu juzi. Anatuhumiwa kwamba baada ya Seremala kufa, aliiba almasi yake na kuweka nyingine mahali pake. Hakufanya hivyo. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Seremala alikuwa fundi wa ngazi. Alikuwa anaunda mbao za kumiminia zege, zege likikauka anazing'oa, ngazi zinabaki. Katika ule mtaa mpya watu wengi wanapanda na kushuka juu ya kazi yake bila kujua. Mkewe, aliyebaki kwao, hajawahi kuona hata ngazi moja.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, siku ya mapumziko, aliniambia, "Vigae, vaa shati la maana, tunakwenda kwa sonara." Nikamwambia shati la maana analo yeye, mimi nina shati tu. Alitaka kununua jiwe la pete ya mkewe. Walioana bila pete na alikuwa amemwahidi. Pete yenyewe ingetengenezwa kwao kwa kipimo cha kidole, hapa alitaka jiwe peke yake.

Sonara ni mama mtu mzima mwenye duka dogo linalotazamana na duka la dawa. Alitutolea almasi mbili, akaziweka juu ya kitambaa cheusi. Zilikuwa ndogo kama punje za mchele zilizokatwa ncha. Zote mbili zilikuwa za mstatili, zote zimepunguzwa pembe nne, ukubwa mmoja. Mimi niliona pacha. Nikasema, "Mama, mfungie yoyote, hizi zimetoka tumbo moja." Akacheka, akasema wengi husema hivyo, wakifika nyumbani wanajuta.

Akazima taa za kabati. Akasema, "Chini ya taa hizi hata kipande cha chupa kinajiona bwana harusi." Akatupeleka dirishani. Alituambia tusitazame umbo la nje, maana hapo ndipo mawe haya yanapofanana. Tutazame ndani, tena tuliinamishe jiwe polepole. La kwanza lilikuwa na mistari mirefu iliyopangwa sambamba, ukingo chini ya ukingo, inashuka kuelekea katikati. Ukiliinamisha, mstari mmoja unawaka wote kwa pamoja, unazima, unawaka wa chini yake. La pili halikuwa na mistari. Ndani yake mwanga ulikuwa umevunjikavunjika kama kioo cha gari kilichopasuka, linameta kila upande, halitulii. Mama akasema la kwanza limekatwa kwa ngazi na la pili limekatwa kwa kumeta. Akasema la ngazi linataka jicho tulivu na kasoro yake haijifichi. Akatupa lenzi ya kukuzia, na kweli tukaona kitone cheusi karibu na ngazi ya pili. Akasema kitone kama hicho kingekuwa ndani ya lile la kumeta tusingekiona.

Alimshauri Seremala achukue la kumeta. Seremala hakumsikia. Alikuwa bado ana lenzi jichoni. "Vigae, njoo uone! Ngazi kabisa, na zimekwenda sawa!" Alichukua hilo la ngazi. Njiani aliniambia, "Akilivaa hili ataona nilichokuwa nafanya huku."

Chumbani Kinyozi alilitazama chini ya balbu, akasema, "Kaka, umeuziwa dirisha." Tulicheka wote, na Seremala alicheka kutushinda. Akampigia simu mdogo wake, akamweleza kwa kirefu jinsi jiwe lilivyo na ngazi ndani. Yule mdogo alikuwa amelijua hilo jiwe kabla hajaliona.

Tarehe 17 jioni, baada ya kula, Seremala aliketi kitandani, jiwe kiganjani. Alikuwa amefinya macho karibu kuyafumba. Akaniuliza, "Vigae, ukifinya macho hivi, hapa unaona nini?" Nikamwambia naona sura yako mbaya. Akasema, "Haya, tulale." Sikumuuliza zaidi.

Tarehe 18 mchana aliomba ruhusa kwa msimamizi, akatoka, akarudi kabla ya kazi ya alasiri. Hakusema alikokwenda. Tarehe 19 asubuhi ubao aliokuwa ameusimamia ulikatika, akaanguka kutoka ghorofa ya nne. Mimi nilikuwa chini nachanganya saruji. Nilisikia, sikuona. Afande ananiuliza kama nataka maji ya kunywa. Sitaki. Tuendelee.

Kinyozi ndiye aliyefunga vitu vya marehemu, kwa sababu mikono yangu ilikataa. Mdogo wake alipofika kuchukua mwili, alifungua kikaratasi chenye jiwe na kutafuta ngazi alizohadithiwa. Hakuziona. Jiwe lilikuwa linameta tu. Akamkamata Kinyozi shati, akasema, "Kaka yangu hajazikwa, mmeshamla?" Mimi simlaumu. Alitoka mbali kumfuata kaka, akakabidhiwa sanduku. Kinyozi aliapa mpaka sauti ikamkauka. Waliponiuliza mimi, nililipeleka jiwe dirishani nikasema si lile tulilonunua. Ulikuwa ukweli, na ukweli huo ndio uliomfunga mwenzangu.

Jana nilikwenda kwa sonara. Sikujua nakwenda kuuliza nini. Kabla sijamaliza kumwambia kwamba Seremala amefariki, aliketi. Kisha akafungua kabati, akatoa jiwe la ngazi. Nilitazama kwa lenzi, kitone kilikuwa pale pale.

Aliniambia Seremala alikuja tarehe 18 mchana, peke yake, nywele zimejaa unga wa mbao, akaomba abadilishiwe. Bei ilikuwa moja, kwa hiyo walibadilishana mkono kwa mkono. Mama alimtania, "Si nilikushauri, ukajifanya mjuzi?" Seremala akamwambia mkewe amepiga simu. Ana presha ya macho siku nyingi na alikuwa anamficha. Jicho moja limeshakufa, na hilo lililobaki linaona mwanga na vivuli, tena linazidi kufifia. Akasema, "Mama, ngazi hataziona tena. Nipe hilo linalopiga kelele." Mama anasema alisimama nalo mlangoni, amefinya macho, analigeuza na kuligeuza, mpaka wapita njia wakawa wanamtazama.

Tumelala kitanda cha juu na cha chini miaka sita. Nilijua kikohozi chake, nilijua anavyoongea usingizini. Hili hakuniambia, akamwambia mwenye duka. Nadhani jioni ile alitaka kuniambia.

Sonara yuko nje kwenye benchi. Afande amemwomba jiwe la kwanza, ameyaweka yote mawili dirishani, ameniambia nionyeshe. Nimeonyesha. La kushoto ndilo tulilonunua pamoja. La kulia ndilo alilolichagua mwenyewe.

Nikiulizwa naomba nini, naomba Kinyozi atoke. Msimamizi amesema asipoonekana kazini kesho, kibali chake kinafutwa na anarudishwa kwao, na kwao kuna watoto wanaomtegemea. Ombi la pili, jiwe la kumeta lisifungiwe kabatini hapa kama kielelezo. Kesi inaweza kungoja mwaka. Jicho la mke wa marehemu haliwezi.

Nimefika mwisho wa ninayoyajua. Nimesomewa, nimeyasikia kuwa ni maneno yangu, natia sahihi.

Sahihi: Vigae

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, afisa wa zamu, kwa lugha aliyoitumia shahidi. Sonara amehojiwa na amethibitisha. Mtuhumiwa ameachiwa alasiri hii. Jiwe nimemkabidhi mdogo wa marehemu, anayesafiri na mwili kesho asubuhi. Alimwomba radhi mtuhumiwa mbele yangu. Kabla ya kulifunga jiwe kwenye kikaratasi, alisimama nalo dirishani, akafinya macho, akaligeuza. Shahidi alimuuliza, "Unaliona?" Akajibu, "Naliona, kaka."