Karatasi ya Pili ya Barua ya Rafaeli

Kasulu, Jumatatu, 3 Novemba 2025. Miaka hamsini na mitatu tangu nivuke mpaka kutoka Burundi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo nachapa polepole.

Siumwi. Naona aibu.

Mnaosoma blogu hii mmezoea kunisifu kwa kumbukumbu yangu. Leo naandika jambo ambalo sikulisahau hata siku moja. Nililinyamazia tu.

Mimi na mke wangu tulipofika Kumsenga, kule Kibondo, tulipokewa na mama mmoja wa Kiha, Yustina. Alikuwa na watoto wawili: Rafaeli, askari, na Anastazia, aliyekuwa ameolewa kijiji cha pili. Rafaeli alipokwenda na jeshi vitani Uganda, Mama Yustina alinipa shamba la mwanawe, lile la bondeni, nililime mpaka arudi. Nilipanda maharage na mahindi, na kwa mara ya kwanza tangu nikimbie nilijua kwamba nitakachopanda nitakivuna mimi.

Mama Yustina hakujua kusoma. Mimi nilisoma misheni. Kila barua ya Rafaeli ilipofika niliisoma kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa alitaka kusikia maneno ya mwanawe yalivyo, kisha nikamweleza kwa Kiha. Halafu aliitia katika sanduku la bati, pamoja na picha ambayo Rafaeli alipigwa studio, Kampala, kavaa sare, mkono kiunoni.

Barua ya mwisho ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilijaa salamu. Ya pili sinayo tena, lakini naiandika hapa kwa kichwa, neno kwa neno:

“Mama, nimesikia Anastazia anapigwa na mume wake. Shamba langu la bondeni mpe yeye, aondoke pale, alime, akae karibu nawe. Huyo mkimbizi anayelilima ni mtu mzuri, ataelewa. Ni mimi mwanao, Rafaeli.”

Sikuelewa.

Mama Yustina alikuwa anakoroga uji, hakuhesabu karatasi. Niliipenyeza ya pili ndani ya kitabu changu cha sala na kumalizia barua kwa maneno ya kutunga: “Nitarudi, mama. Nitunzieni shamba langu.” Miezi miwili baadaye askari mwenzake alileta kofia yake na habari ya kifo. Kofia nayo ikaingia sandukuni.

Tangu hapo, kila mwaka baada ya Misa ya marehemu, aliniomba nimsomee barua zote. Kila mwaka nilimalizia kwa uongo uleule. Mwaka wa tatu alikuwa anautamka pamoja nami, macho kayafumba. Alikufa akiamini kwamba kuniachia shamba ni kumtii mwanawe. Tulipopata uraia na kijiji kikapima mashamba, niliandikisha lile kwa jina langu. Anastazia alikaa kwa mume yule miaka tisa zaidi.

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikurudi Burundi wenzangu waliporudi. Nimekuwa nikijibu habari za siasa. Nilibaki kwa sababu ya bonde lile.

Jana Anastazia alikuja hapa Kasulu, nilikohamia uzeeni, na lile sanduku la barua, kama alivyoniletea kila mwaka tangu mama yake afariki. Macho yangu sasa yana mtoto wa jicho; herufi nilizokuza kwenye simu naziona, mwandiko wa kalamu siuoni, kwa hiyo akamwambia mjukuu wake Imelda, ambaye ni mwalimu, asome badala yangu. Ningekataa kwa kisingizio gani?

Imelda alisoma vizuri kuliko mimi. Alipofika mwisho wa karatasi ya kwanza ya barua ya mwisho, akaishusha.

“Endelea,” Anastazia akasema. “Bado ile ya ‘Nitarudi, mama.’”

“Haimo, bibi.”

“Yoo! Haimo vipi? Kila mwaka imo. Ualimu wenyewe ulisomea wapi?”

“Bibi, nimefika chini. Hata jina lake halipo. Hizi nyingine zote anamalizia ‘Ni mimi mwanao.’ Hii imekatika.”

“Basi panya,” Anastazia akasema, akacheka. “Panya wa Kumsenga wana elimu, wamechagua ukurasa.”

Ningeweza kucheka naye. Nakiri kwamba nilianza kucheka.

Kisha nikaingia chumbani, nikarudi na karatasi ya pili, nikampa Imelda. Aliisoma kwa sauti. Anastazia akamwambia aisome tena. Nilisema kwamba niliificha mimi, na kwa nini. Haikuchukua maneno mengi.

Aliweka mikono juu ya kanga yake.

“Kaka,” akasema, “mwaka ule nilipokuja kwako jicho limevimba, ukanipa gunia la mahindi. Hii karatasi ilikuwa wapi?”

“Kwenye kitabu changu cha sala.”

“Nikapiga magoti kukushukuru.”

“Ndiyo, dada.”

“Mahindi ya shamba langu.”

Hakulia, wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Imelda aliirudisha karatasi sandukuni nyuma ya mwenzake, wakaondoka. Chai yangu hawakuinywa.

Asubuhi hii nimempigia simu mtendaji wa kijiji. Keshokutwa atakuja na wazee wa baraza, nitie sahihi shamba lihamie kwa Anastazia. Mwanangu anayelilima sasa amenikasirikia, na ana haki. Namwachia yeye kazi ya kuhama aliyopaswa kuifanya baba yake.

Mke wangu amezikwa pale, kando ya migomba, na nilikuwa nimejichagulia nafasi ubavuni mwake. Mchana Imelda alipiga simu kuleta jibu la bibi yake: kaburi watalipalilia, halitaguswa, ila mimi nisikanyage.

Nimekubali. Kumsenga sitarudi.