Shoka Abebe Odhiambo

Bergen, Norwei

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa heshima yote, ingawa najua salamu hizi zitawakuta ndani ya maji. Kifua cha Mama kimepata nafuu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Jana dada yangu Akinyi alinipigia simu kutoka posta ya Kisumu. Amesema mafuriko yamefunika Nyakach yote ya chini, ghala limeanguka, nanyi mnalala juu ya meza. Nikamuuliza mbona hamhamii shamba lako la mlimani.

“Mzee amekataa! Anasema boma jipya baba huingia na jogoo, mama na moto, mwana mkubwa na shoka. Sasa shoka abebe nani? Nikamwambia, Baba, Odhiambo si yuko hapa? Akanigeukia: ‘Odhiambo ni wa pili. Mnataka nimzike Ochieng’ akiwa hai?’ Halafu akasema, huyo Ochieng’, profesa wa mawingu, azime mvua kwanza, ndiyo tuongee.”

Laiti ningeweza, Baba! Nimesomea hewa miaka yote hii, na nilichojifunza ni hiki: ndiyo inayobeba mvua yote ya dunia. Ikipata joto hunywa maji mengi zaidi kutoka baharini na ziwani kwetu, kisha huyamwaga kwa pupa. Na nani anayeipasha joto? Si wewe, ambaye hujawahi kumiliki hata pikipiki! Ni moshi wa viwanda na magari, unaolizuia joto lisitoke angani. Moshi wa nchi kama hii ninayokula mkate wake. Siwezi kuapa kwamba mvua hii moja imetokana na moshi huo. Ninaloliapia ni kwamba maji haya yatarudi. Ukiyangoja yapungue ujenge palepale, utakuwa umejenga kaburi.

Nilipofukuzwa chuo kikuu kwa kuwahutubia wenzangu, nilimjua adui: alikuwa na ofisi, tukamzomea mlangoni. Anga haina mlango wa kuzomewa. Na wale walionifanya nikimbie nchi bado wananingoja uwanja wa ndege, siwezi kuja kulibeba shoka mwenyewe.

Basi lipokee neno langu la mwisho kama mwana mkubwa. Mpe Odhiambo shoka. Najua gharama yake: mdogo akitangulia, mkubwa hana tena mahali pa kujenga ndani ya boma hilo, na wazee hawatakubali ila mkubwa akiwa marehemu. Waambie, basi, kwamba ni marehemu. Waambie alifia ughaibuni. Msinililie sana, maji hayangoji matanga. Odhiambo naye asiogope laana, maana nafasi hii nampa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama abebe moto wake bila kugeuka nyuma. Nisalimie Akinyi, mwenye sauti ya kuishinda radi. Msalimie pia Nyanya, mama yake Mama, kule Asembo. Yeye msimwambie lolote; mwacheni aendelee kunitarajia.

Aliyekuwa mwanao wa kwanza,

Ochieng’