Kwa Nini Nakataa Vidonge Kabla ya Sindano

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Huku Rusimbi tu wazima, na dada yako kajifungua mtoto wa kike, mbishi kama mimi.

Umeuliza kwa nini nakataa vidonge vya antibayotiki, dawa za kuua vijidudu, ilhali nyonga yangu ya bandia inauma. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nesi kambini. Mama mmoja Mrundi alivimba goti. Nikamhurumia, nikampa vidonge hivyo kabla daktari hajavuta majimaji ya goti kwa sindano kuyapima. Vidonge vikapunguza uvimbe na wadudu bila kuwamaliza; maabara haikuona mdudu, na uvimbe ukarudi. Ikabidi aache dawa kwanza, ndipo avutwe majimaji tena. Safari hii mdudu akaonekana, mama akapewa dawa yake hasa, akapona. Akaniaga akicheka: "Nesi, huruma yako ilimfunika mwizi blanketi tusimwone."

Kesho wanavuta majimaji ya nyonga yangu. Mpaka hapo, mwizi wangu simfuniki.

Bibi yako