Maneno ya Mama Ndani ya Kompyuta

Buyenzi, Avenue ya 12,
Bujumbura.
9 Septemba 2004

Mpendwa mdogo wangu Twalibu,

Assalaam alaykum. Vipi afya yako, na ya wifi Zubeda, na huyo Anouar mnayesema ameanza kutembea? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Wiki hii milio ya bunduki milimani imepungua, na umeme nao umepungua.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira nawe, na sitaki zikae moyoni.

Unaijua kesi ya nyumba yetu ya Mutakura, ile tuliyoikimbia mwaka wa tisini na tano. Kamati ya mtaa ilitupa siku, Jumanne hii iliyopita, kila mtu aje na maelezo yake kwenye karatasi. Maelezo yetu ni yale aliyoyasema mama mwezi wa nne, mimi nikiyapiga kwenye kompyuta uliyotutumia. Nani alituuzia kiwanja, nani alichimba msingi, majirani gani waliona. Miezi miwili baadaye mama akafariki. Hakuna mwingine anayeyajua yote hayo.

Printa yako ilifika bandarini Ijumaa, kwa mzigo wa Kigoma. Ikakataa kuchapa. Ndani ya katoni ulitia diski na karatasi ya mwandiko wako: kwanza ondoa pilote zote za USB za zamani, kisha weka mpya. Pilote, yaani zile programu zinazoiwezesha mashine kutambua kilichochomekwa. Nami ni mtu wa kutii. Jumapili asubuhi nikaondoa moja, nikaondoa ya pili, kipanya kikaganda. Nikashika kibodi, nayo imekufa. Kumbe vyote viwili vinapitia USB hiyohiyo, jambo ambalo wewe fundi wa Ulaya ulilijua na hukuliandika.

Nikazima, nikawasha. Kompyuta ikaniambia imeona kifaa kipya, nibonyeze OK. Nibonyeze kwa kitu gani, Twalibu? Kwa ulimi?

Na maneno ya mama yamo humo ndani, mazima, siwezi kuyafikia. Nakala sina, maana ulisema disketi ni mambo ya kizamani. Nililia, nakuambia bila haya.

Jumatatu nikamwita Seifu, fundi redio wa sokoni. Akasoma karatasi yako, akacheka mpaka nikachukia. "Dada, mutu anavunja je daraja na angali yuko juu yake? Clavier ya zamani iko wapi, ile ya tundu la muviringo? Ile apana pitia USB."

Ndiyo ile kibodi ya zamani uliyoniandikia niitupe kwa sababu inatia aibu. Usiache mbachao kwa msala upitao, tulifundishwa sote wawili, ila mimi nikakusikiliza wewe. Bahati sikuitupa. Nilimpa mwalimu Yahaya wa madrasa, anafundishia watu mahali pa herufi hata bila kompyuta. Nilikwenda mbio na kanga ikinianguka.

Seifu alizima mashine kwanza, akachomeka, akawasha. Bila kipanya, akatembea kwa Tab na Enter tu, mpaka pilote mpya zikaingia. Printa ikatoa kurasa tatu. Kwa hiyo mwingine ukimwandikia, anza hivi: kibodi ya tundu la mviringo ichomekwe kwanza, ndipo uondoe.

Jumanne mwenyekiti wa kamati alisoma zote kwa sauti. Majirani wawili aliowataja mama wakaitwa, wakakubali. Nyumba imerudi kwetu.

Mwishoni mama anasema chumba kinachotazama barabara awekewe Twalibu, akirudi. Mwenyekiti akauliza Twalibu ni nani, mbona hata mazishini hakuonekana. Nikajibu kuwa ndiye aliyetutumia kompyuta. Niliona aibu kwa ajili yako, na niliumia.

Msalimie Zubeda, mbusu Anouar. Mwalimu Yahaya anakusalimu, kibodi yake nimemrudishia. Mungu akufunike kwa rehema zake huko uliko.

Chumba chako hakina mlango wala dirisha. Njoo ukitengeneze mwenyewe. Usinitumie karatasi ya maelekezo.

Dada yako, anayekupenda na hasira zake,
Fadhila